Shajara ya Kitalu: Msonobari wa Kuning'inia Juu ya Mwamba wa Matumbawe, Mombasa

Lengo la mradi ni kukuza msonobari halisi, wenye sura ya kuning'inia, utakaoishi miaka mingi kwenye uwanja wa nyumba Mombasa. Hatutaki mvinje uliopewa jina la paini, wala mche wa bara unaouzwa ukiwa kijani na kukauka kabla ya mvua ya pili. Kitalu kiko Kisauni. Chini ya udongo mchache wa juu kuna mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ndio umeamua sehemu kubwa ya yaliyoandikwa hapa.

JULAI. Kutambua kabla ya kununua

Anayeomba paini Mombasa anaweza kukabidhiwa mmoja kati ya miti mitatu isiyo na undugu wa karibu. Kazi ya mwezi huu ilikuwa kuandika namna ya kuitenganisha kwa macho na vidole, bila chombo chochote zaidi ya lenzi ndogo ya mkononi.

Mvinje, Casuarina equisetifolia, ndio unaowadanganya wengi. Chuma kijitawi kimoja chembamba, kishike kwa vidole vya mikono miwili, kivute taratibu. Kikiachana kwenye pingili, kama muwa mdogo mno, huo ni mvinje. Tazama pingili kwa lenzi: utaona duara la meno madogo, 6 hadi 8. Meno hayo ndiyo majani. Kile kinachofanana na sindano ni kijitawi cha kijani. Meno yakifika 12 na zaidi, huenda ni Casuarina glauca, ambao ni mbaya karibu na nyumba kwa sababu huchipua kutoka mizizini na kusambaa. Tunda la mvinje ni koni, yaani tunda gumu la mbao, yenye urefu wa sentimita 1 hadi 2 hivi, inayofunguka kwa midomo midogo na kuachia mbegu zenye bawa. Mvinje ni mti wa maua. Hauko katika ukoo wa misonobari hata kidogo.

Tusiudharau. Mwaka 1971 René Haller alipoanza kuotesha miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, aina 26 zilijaribiwa na 3 zikasimama: mvinje, mnazi na Conocarpus lancifolius. Mvinje hukaa na bakteria wa Frankia mizizini, wanaochukua naitrojeni hewani, ndiyo maana uliota juu ya jiwe tupu. Majani yake yalirundikana chini bila kuoza mpaka walipoletwa jongoo wenye miguu myekundu wakayasaga kuwa mboji. Mwenye uwanja unaotazama bahari moja kwa moja, anayetaka tu nyuzi za kijani zinazoinama na kupiga mluzi upepo ukivuma, apande mvinje. Hakuna msonobari utakaomzidi pale.

Wa pili ni Araucaria heterophylla, wa kisiwa cha Norfolk. Huu matawi yake hupangwa kwa ngazi, yamelala au yameinuka kidogo ncha, na vijani vyake vifupi vimeota kimoja kimoja juu ya tawi lenyewe. Hauning'inii mahali popote, hivyo ukishajua hilo hauwezi kukuchanganya.

Msonobari halisi, Pinus, sindano zake hutoka kwa vicha, na kila kicha kimeshikwa chini na ala nyembamba ya rangi ya kahawia. Hesabu sindano ndani ya ala moja: 2, 3 au 5, kutegemea aina. Usihesabu kicha kimoja ukaridhika. Chukua vicha kama kumi kutoka matawi ya pande tofauti, kwa sababu mti mmoja unaweza kuchanganya 2 na 3, au 3 na 4. Ukitaka kujua kama kuna sindano iliyopotea, zibane pamoja. Sindano za kicha kizima zikikaa pamoja huunda nguzo ya duara, kwa hivyo za vicha vya 2 zina ubavu mmoja bapa, na za vicha vya 3 zina pembe.

Mche mchanga hautambuliki kwa njia hii. Miezi ya kwanza hutoa sindano moja moja, laini, za kijani cha samawati, bila ala. Vicha huja baadaye. Anayekuuzia mche wa urefu wa kidole na kukuhakikishia aina kwa kuutazama anakisia. Muulize mbegu ilitoka wapi.

Sura ya kuning'inia ina namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowafanya watu kuagiza mti usiofaa. Iko misonobari ambayo sindano ndizo zinazoning'inia huku tawi limenyooka. Na iko ambayo tawi lenyewe huanguka kuelekea chini. Hiyo karibu yote ni miti iliyochaguliwa vitaluni na kuendelezwa kwa kuunganisha vikonyo (vipande vya tawi) juu ya shina la mti mwingine, mfano Pinus strobus 'Pendula' wa sindano 5 laini, au Pinus banksiana 'Uncle Fogy' wa sindano 2 fupi zilizojipinda. Asili ya miti hiyo ni nchi zenye majira ya baridi kali, na bila baridi ile machipukizi yake hayapati ishara ya kulala na kuamka. Picha zake ni nzuri sana. Kwa Mombasa, miti hiyo tumeiweka kando.

Yaliyobaki ni ya namna ya kwanza:

Pinus patula, wa milima ya Mexico, ndio unaojaza mashamba ya misitu ya nyanda za juu za Kenya. Vicha vya 3, mara nyingine 4, sindano nyembamba za sentimita 15 hadi 25 au zaidi, kijani kilichopauka, zinaanguka pande mbili za tawi. Gome la juu ni jekundu-chungwa na hubanduka kama karatasi. Koni zake, sentimita 5 hadi 10, hukaa kwa mafungu zikiwa zimeng'ang'ania tawi na kubaki zimefungwa kwa miaka. Kwa uzuri wa kuinama hauna mpinzani. Lakini kwao huota kuanzia takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Pinus caribaea ni msonobari wa tambarare za joto, na una aina ndogo tatu. Ya hondurensis hutoka Amerika ya Kati, kuanzia usawa wa bahari hadi karibu mita 1,000, vicha vya 3 na mara kwa mara 4 au 5. Ya caribaea hutoka magharibi mwa Cuba. Ya bahamensis hutoka Bahamas na Turks na Caicos, vicha vya 2 na 3, na huota juu ya mwamba wa chokaa. Zote sindano zake ni ngumu kuliko za patula, lakini ni ndefu vya kutosha kuinama zikifika sentimita 20.

Tumeamua kuotesha tatu kwa pamoja: patula kama kipimo cha sura, hondurensis na bahamensis kama wagombea.

AGOSTI. Udongo na maji

Hakuna msonobari ulio mwenyeji wa Kenya. Katika jenasi nzima ni Pinus merkusii peke yake unaovuka ikweta kwa asili, huko Sumatra. Jambo hili lina matokeo ya kazi: udongo wetu hauna zile kuvu za mizizini, maikoriza, ambazo msonobari huzitegemea kupata fosforasi na maji. Puerto Rico walipanda misonobari kwa miaka mingi ikidumaa na kufa, hadi mwaka 1955 miche ilipotiwa udongo wa msitu wa misonobari uliotoka North Carolina. Ndipo ikakua.

Kwa hivyo udongo wa chini ya msonobari mkubwa, wenye afya, ni kiungo cha lazima. Unachimbwa sentimita 10 hadi 15 za juu, pamoja na vizizi vyembamba na majani yaliyoanza kuoza, unafungwa kwenye gunia bichi na kusafirishwa usiku. Jua likiupiga siku nzima juu ya gari, kuvu nyingi hufa na umebeba mchanga tu. Usichukue chini ya mti wenye sindano zilizopauka au utomvu unaotiririka shinani. Utaleta na ugonjwa.

Kipimo cha chokaa hakihitaji maabara. Weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kisahani, dondoshea siki. Ukitoa mapovu, una chokaa. Mchanga wa pwani ulichemka vibaya, kwa kuwa ni magamba na matumbawe yaliyosagika. Udongo wa juu wa kitaluni ulitoa mapovu pia. Udongo mwekundu wa kichanga wa upande wa Magarini, Kilifi, haukutoa. Mchanga mkali wa mto haukutoa.

Mchanganyiko tulioufuata, kwa makarai kumi:

udongo mwekundu usio na chokaa, makarai 4;
vumbi la makumbi lililooshwa, makarai 3;
mchanga mkali wa mto, makarai 2;
udongo wa chini ya msonobari, karai 1.

Neno "lililooshwa" lina uzito. Makumbi ya huku mara nyingi yamefukiwa kwenye matope ya bahari ili yalainike kwa kusukwa kamba, na hata yasiyofukiwa hubeba chumvi. Loweka usiku kucha kwenye maji ya mvua, kamua, mwaga, rudia mara tatu. Maji ya mwisho yaonjwe kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na ladha ya chumvi, osha tena. Mche wa msonobari ulioota kwenye makumbi ya chumvi huungua ncha za sindano ndani ya wiki chache, na ni rahisi kudhani ni kiu, ukazidisha maji na kumaliza kazi.

Samadi haitiwi. Mbichi au iliyooza, hulisha zile kuvu zinazoozesha shingo ya mche, na fosforasi nyingi huzuia maikoriza kushika.

Maji ni tatizo kubwa kuliko udongo. Visima vya mwamba wa matumbawe hutoa maji mazito ya chokaa, na vingi vina chumvi. Mchanganyiko mzuri ukimwagiliwa maji hayo miezi sita hugeuka kuwa udongo wa chokaa. Mfereji wa bati unaopeleka mvua kwenye tangi umewekwa mwezi huu, na maji yake ni ya misonobari peke yake.

SEPTEMBA. Kusia

Mwezi huu umechaguliwa kwa hesabu ya nyuma. Tunataka miche ya sentimita 20 hadi 30 iwe tayari masika yanapoanza mwishoni mwa Machi na Aprili. Ikisiwa Januari, itaota kwenye kilele cha kaskazi, na usiku wa Machi Mombasa joto hukaa karibu nyuzi 25. Trei haipoi kabisa.

Mbegu ya hondurensis hufika makumi kadhaa ya maelfu kwa kilo, ya patula huzidi laki moja, kwa hivyo gramu chache zinatosha kitalu cha pambo. Mbegu zinazouzwa nchini ziulizwe KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, Muguga. Kituo chao cha Pwani kiko Gede. Mbegu kutoka nje ya nchi inahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla haijasafirishwa, na tunasisitiza mbegu tu, si vikonyo. Mdudu mweupe wa sufu, Pineus boerneri, aliingia Kenya mwaka 1968 kwa vikonyo vya msonobari kutoka Australia. Na misonobari ya Turks na Caicos imeteketezwa kwa kiasi kikubwa na mdudu gamba, Toumeyella parvicornis, aliyeingizwa pamoja na mimea. Mbegu safi haibebi wadudu hao.

Hatua zilizofuatwa: kuloweka saa 12 kwenye maji baridi ya mvua na kutupa zinazoelea baada ya hapo, trei ya kina cha sentimita 8 yenye mchanga wa mto uliomwagiwa maji yanayochemka na kuachwa upoe siku nzima, mbegu kwa umbali wa sentimita 2 hadi 3, kina cha nusu sentimita, juu yake mchanga mwembamba. Maji kwa kinyunyizi cha matundu madogo, asubuhi. Kivuli cha makuti yaliyochanwa, jua lipite nusu.

Siafu na sisimizi hubeba mbegu, panya huzila. Miguu ya meza imesimamishwa ndani ya mikebe ya maji yenye mafuta kidogo juu, na waya wenye matundu madogo umefunika trei. Bila hayo unaweza kulaumu mbegu ambazo zilishaliwa.

Zilianza kutokeza ndani ya wiki ya pili, bahamensis nyuma ya wenzake.

OKTOBA. Kuhamisha na kuoza shingo

Mche huhamishwa mapema, ganda la mbegu likiwa bado limeng'ang'ania kichwani na mzizi haujazidi sentimita 4. Anayengoja mche "upate nguvu" atakuta mzizi umerefuka na kupinda. Mzizi ukiingia kwenye kifuko umekunjwa kama ndoano, mche utakua vizuri, utapendeza, kisha mti wa miaka minne utalala chini siku ya upepo wa kusi. Kasoro hii haionekani juu, kwa hivyo ni hapa au hapana: toboa shimo refu kuliko mzizi kwa kijiti, tumbukiza zaidi ya inavyohitajika, kisha uvute mche juu nusu sentimita ili mzizi unyooke, ubane kwa pembeni. Shika vijani, usishike shina.

Vifuko ni vya upana wa sentimita 10 na kimo cha 20. Vipana na vifupi havifai. Mzizi wa msonobari unataka kushuka.

Kuoza shingo kulitokea kwenye trei moja. Shina hulegea usawa wa udongo, hubana kama limefungwa uzi, mche hulala ungali kijani. Wanaosababisha ni kuvu na jamaa zao: Pythium, Rhizoctonia, Fusarium. Dawa kubwa ni hewa na ukavu. Ondoa waliolala pamoja na mchanga uliowazunguka kwa upana wa viganja viwili, acha kumwagilia mpaka uso wa mchanga ukauke na kupauka, punguza makuti. Trei iliyopona ni ile iliyokuwa upande unaopata upepo.

DESEMBA. Kukagua mizizi

Toa mche mmoja wa kila kundi kwenye kifuko bila kuvunja bonge. Unachotafuta ni vizizi vifupi vilivyogawanyika panda, vinene kidogo, vimevikwa utando mweupe, wa manjano au kahawia. Hiyo ni maikoriza imeshika. Miche isiyo nayo hubaki imedumaa, sindano za chini zikigeuka zambarau kwa kukosa fosforasi, hata udongo ukiwa nayo.

Makundi yote yana utando. Kwenye vifuko vilivyotiwa mbolea ya kiwandani kwa kipimo kamili, kama jaribio la pembeni, vizizi vya panda ni vichache sana. Kipimo cha nusu, mara moja kwa mwezi, ndicho kinachobaki.

JANUARI hadi MACHI. Kaskazi, na umanjano

Miezi hii ndiyo iliyotofautisha miti.

Patula: sindano mpya zimetoka fupi, zimesimama, bila ule mwanguko. Miche michache imekauka kuanzia ncha. Haihitaji maelezo marefu. Mti wa mlimani usiopata usiku wa baridi hutumia usiku kile ulichotengeneza mchana, na kinachobaki cha kukuza sindano ndefu ni kidogo. Kundi hili linabaki kama kielelezo cha kutambulia tu; hatutauza.

Hondurensis ilikua haraka kuliko zote, kisha baadhi zikaanza umanjano. Umanjano una lugha yake na unapaswa kusomwa kabla ya kununua dawa. Ukianzia sindano changa za juu huku za chini zikibaki kijani, ni upungufu wa madini ya chuma: yamo udongoni, lakini chokaa imeyafunga. Ukianzia sindano kongwe za chini, ni upungufu wa naitrojeni au magnesi. Ncha zikiwa kahawia kwa upande unaotazama bahari tu, ni chumvi ya upepo. Mche mzima ukififia na udongo una harufu mbaya, mizizi inazama.

Yetu ilianzia juu. Vifuko hivyo vilikuwa mwisho wa safu, vilivyomwagiliwa maji ya kisima tangi lilipokauka. Udongo wao sasa unatoa mapovu kwa siki. Hapa ndipo watu hununua chuma chochote dukani na kushangaa. Chuma cha EDTA huachia madini yake pale udongo unapokuwa wa chokaa, kikafungwa tena. Kinachohimili ni cha EDDHA, chenye rangi nyekundu iliyoiva kikichanganywa na maji. Kimemwagwa mizizini, si kwenye sindano, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Sindano zilizotoka baadaye ni kijani. Zilizokuwa njano tayari hazikurudi vizuri, na hilo ni la kawaida. Pamoja nacho, mbolea ya salfeti ya amonia badala ya aina nyingine za naitrojeni, kwa sababu yenyewe huongeza tindikali kidogo kidogo.

Bahamensis ilimwagiliwa maji hayohayo. Ilipauka kidogo, haikuwa njano. Ni polepole, imepitwa kwa urefu na hondurensis, lakini rangi imekaa. Kwa maoni yetu jambo hili lina thamani kuliko urefu wa mwaka wa kwanza: mwenye nyumba Nyali au Bamburi hatakaa akimwaga chuma chini ya mti kwa miaka ishirini.

Mengine ya kaskazi: kifuko cheusi kilichopigwa na jua la mchana huchemsha mizizi ya upande mmoja. Vifuko vimezikwa nusu kwenye mchanga. Utitiri hujitokeza ukavu ukizidi. Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe, na vidoa vikitembea, osha mche kwa maji ya nguvu chini na juu ya sindano, jioni, siku tatu mfululizo. Sufu nyeupe kwenye tako la vicha ni yule Pineus. Brashi laini na maji ya sabuni huondoa, mradi ameonekana mapema.

APRILI na MEI. Kupanda

Mahali kwanza. Upepo wa kusi, unaoanza sasa, ndio unaobeba chumvi kutoka baharini. Msonobari upandwe nyuma ya kitu: nyumba, ukuta, au bora zaidi safu ya mvinje. Lakini usiukaribie ukuta. Kuta za matumbawe na plasta huteremsha chokaa kila mvua inaponyesha, na vifusi vya ujenzi vilivyofukiwa chini hufanya vivyo hivyo. Tunaacha mita 4 kutoka ukutani, na hiyo pia huepusha sindano kuziba mifereji ya paa.

Kwenye mwamba, kuchimba shimo kwa sururu na mtaimbo na kulijaza udongo mzuri ni kutengeneza beseni. Mvua ya Mei, iliyo nzito kuliko ya miezi yote Mombasa, hulijaza maji na mizizi huoza. Tumejenga tuta badala yake: mwamba umevunjwa sentimita 30 ili maji yapate nyufa, juu yake tuta la udongo mwekundu na mchanga wa mto lenye upana wa mita 2 na kimo cha sentimita 50, ubavu ukiwa na mteremko. Karai moja la udongo wa chini ya msonobari limechanganywa katikati. Mche umepandwa juu kabisa, usawa uleule uliokuwa nao kifukoni, bila bonge kuvunjwa. Mizizi iliyozunguka chini ya kifuko imekatwa kwa kisu kikali.

Tandazo ni majani makavu ya mvinje, unene wa sentimita 7 hadi 10, yakiachwa mbali na shina kwa kiganja kimoja. Mchwa ndio hatari ya miaka miwili ya kwanza: hujenga njia ya udongo kutoka kipande cha mti mkavu hadi shinani na kula gome kimyakimya. Vigingi vya kuegemeza mche visiwe vya mti; tumetumia bomba jembamba la chuma. Tandazo hufunuliwa kila wiki.

Baada ya mvua kuisha, lita 15 za maji ya mvua mara mbili kwa wiki, zikimwagwa polepole ukingoni mwa tuta ili mizizi ifuate nje.

MWAKA WA PILI. Kuupa mti sura

Sindano za bahamensis na hondurensis zinaning'inia zenyewe zinaporefuka. Matawi hayaning'inii, na bila mkono wa fundi mti utakuwa mnyoofu tu. Kazi hii huanza tawi likiwa na unene wa penseli na bado linapindika bila kulia.

Tumetumia kamba ya katani iliyofungwa kwenye vigingi vya chuma ardhini, na mahali kamba inapogusa tawi pamewekwa ukanda mpana wa tyubu kuukuu ya baiskeli. Tawi linashushwa kidogo, linaachwa wiki mbili, linashushwa tena. Mara moja kwa nguvu zote, gome hupasuka upande wa juu na utomvu hutoka, na jeraha la namna hiyo huvuta wadudu. Shusha mchana, mti ukiwa na kiu kidogo. Asubuhi baada ya maji tawi limejaa na hukatika. Tawi lishikwe hadi mbao yake ikomae, nusu mwaka au zaidi. Likifunguliwa mapema hurudi juu.

Kukagua vifungo kunataka bidii hapa kuliko nchi za baridi. Kule mti husimama kukua miezi kadhaa. Mombasa hausimami, na kamba iliyokaa bila kutazamwa hula ndani ya gome.

Tawi lililoinamishwa hujaribu kujinasua: machipukizi ya mgongoni, penye upeo wa pinde, hupanda wima. Yakatwe kwa vidole yakiwa laini. Yakiachwa yanatwaa ukuu wa mti, na kazi yote ya kuinamisha inapotea.

Kanuni ya mkasi ni moja na haina huruma: usikate nyuma ya sindano za kijani. Msonobari wa aina hizi hauchipui kwenye mti mkavu usio na sindano, tofauti na mvinje unaovumilia kukatwa uzio. Kipande kilichobaki kitakufa hadi kwenye shina.

Baadhi ya hondurensis zimetoa ile kasoro inayojulikana ya aina hii ikipandwa tambarare zenye joto lisilobadilika: shina linapanda mita nzima na zaidi bila tawi, limevikwa sindano tupu. Kwa mti wa mbao ni hasara. Kwa mti wa pambo ni uharibifu kamili, kwa kuwa hakuna tawi la kuinamisha. Ncha zimekatwa katikati ya sehemu yenye sindano changa, na machipukizi yameanza kutokeza kati ya vicha chini ya mkato. Matatu yaliyokaa vizuri yataachwa, mengine yaondolewe. Bahamensis hazijaonyesha kasoro hiyo hadi sasa.

Msimu ujao wa kusia ni bahamensis peke yake kwa ajili ya kuuza, na hondurensis chache kwa wenye udongo mwekundu wa bara kidogo, ambako siki haitoi povu. Kila mche utatoka kitaluni na kipande cha bati laini kilichoandikwa kwa msumari, kikifungwa kwenye kifuko na si kwenye shina: jina kamili la aina, idadi ya sindano kwa kicha, mahali mbegu ilipotoka, na maneno "maji ya mvua". Wino wa kalamu hufutwa na jua kabla kaskazi haijaisha.